Kitanda cha paini kutoka kwa madogo wa Mwanjelwa: mbao safi, vanishi bado

Kwa mnaouliza vitanda Mbeya, kuna karakana ya vijana Mwanjelwa, unatokea Kabwe unashuka kidogo, bango hawana ila kelele za randa utazisikia tu. Mi nimechukua futi tano kwa sita, paini, laki tatu na ishirini bila godoro.

Nianze na mbao maana hapo ndo watu wengi tunapigwa. Paini ya shamba la miti la Sao Hill ikija mbichi fundi akaipigilia fasta, baada ya muda inapinda, viungo vinaachia na usiku kila ukijigeuza kitanda kinalia. Hawa wanazipanga ndani wameweka vijiti katikati hewa ipite, dogo aliyenihudumia akanipa kipande nishike, kikavu, chepesi, hakinati. Alafu kwenye miguu hawategemei misumari, wanachonga ulimi kwa patasi unaingia kwenye tundu umebana kabisa, gundi inafata baadae. Nikamwambia hebu tikisa, akatikisa kwa nguvu zote, kimya. Chaga nazo nene, hawajabania.

Sasa baadhi ya hao mafundi walikua wanalala stendi na kwenye baraza za maduka, na baridi ya huku ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Mzee mwenye karakana aliwapa chumba cha nyuma kwanza, msumeno baadae. Nikamuuliza, mzee wangu, kwanini usingewarudisha tu shule, ada si ilifutwa toka 2016 mpaka form four? Akacheka, akasema mwanangu, daftari ukilifanya mto usiku asubuhi utaliandikia nini.

Na kitu ambacho sikua nakiwaza kabisa ni makaratasi. Mtu hana pa kuishi, mwenyekiti wa mtaa amwandikie barua kama mkazi wa wapi? Bila barua kitambulisho cha taifa cha NIDA ni mbinde, bila NIDA laini ya simu husajili kwa jina lako, na ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo vijana wana nne yao, utaisikia kwenye redio tu. Kile chumba cha nyuma ndo kimewapa anwani. Nilivyotuma hela kwa simu jina lililokuja ni la dogo mwenyewe, na alivyoliangalia kwenye meseji ungejua sio kitu kidogo kwake.

Walioishia la saba jioni wanasomea QT, ule mtihani wa maarifa, wakifaulu wanaruhusiwa kukaa mtihani wa form four kama watahiniwa wa kujitegemea. Mmoja anataka kwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kupimwa ujuzi wake apate cheti, maana wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa aliyejifunzia kazini. Juu ya meza ya kazi nilikuta daftari la hesabu limejaa vumbi la mbao, pembetatu ya Pythagoras, na pembeni vipimo vya kabati la mteja. Kumbe mwenye daftari kona za fremu anazikagua kwa tatu, nne, tano, akipima huku tatu na huku nne basi kukatisha lazima isome tano, isiposoma anafumua. Mi hiyo hesabu nilifundishwa sekondari na sijawahi kuitumia popote!

Mabaya yapo. Vanishi ya kichwa cha kitanda imepakwa mabaka na kuna nywele za brashi zimegandia, kwa hela ile sio sawa. Walichelewa pia, na saa kumi na nusu wanafunga waende darasani, uje na haraka zako zote hufunguliwi. Ila kuna mteja nilimkuta anashusha bei eti "hawa si watoto wa mtaani tu", jamani, mbao wanauziwa bei ileile kama fundi mwingine yeyote.

Kirikuu ya kubebea ni juu yako, na vanishi waambie wapige msasa tena kabla ya mkono wa mwisho. Nyota nne.