Uyoga tiba wa madukani Mtwara: kahawa, kapsuli na vipande vikavu

Ukizunguka maduka ya virutubisho karibu na Soko Kuu, au ukikutana na wakala mwenye begi lake pale stendi ya Mkanaledi, uyoga tiba utauziwa kwa sura tatu: kahawa ya paketi, kapsuli za kopo, na vipande vikavu vya reishi, ambayo Wachina huiita lingzhi na lebo nyingi huiita Ganoderma. Maneno ya muuzaji ni yale yale kwa zote tatu: "Mama, hii inarudisha nguvu, inasafisha damu, presha na sukari vinakaa sawa." Kilichomo ndani ya kila moja, hata hivyo, kinatofautiana mno. Kwa maoni yetu vipande vikavu ndivyo vyenye thamani ya fedha, kapsuli inategemea kopo ulilopewa, na kahawa ainunue anayependa kahawa tamu tu.

Tuanze na hiyo kahawa, maana ndiyo inayouzika zaidi. Paketi moja ni kama gramu 20. Imwage kwenye sahani nyeupe, uitandaze kwa mgongo wa kijiko. Utaona punje za sukari zinazong'aa, unga mweupe wa krima unaonata kwenye kijiko, na chembe za kahawia za kahawa. Uyoga huuoni. Geuza boksi usome viungo: kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na Ganoderma mara nyingi imewekwa mwishoni kabisa, nyuma ya sukari na ya krima iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea na sharubati ya glukosi. Ule uchangamfu unaokuja baada ya nusu saa ni kafeini. Ulimi nao ni shahidi mzuri, kwa sababu reishi halisi ni chungu, uchungu unaobaki kwenye shina la ulimi muda mrefu baada ya kumeza. Kahawa ya uyoga isiyoacha uchungu wa namna hiyo ina reishi ya kuhesabika. Mwenye kisukari anayeinywa mara mbili kwa siku akiamini anajitibu anajiongezea sukari asubuhi na jioni, na hili linatuuma kwa sababu yeye hasa ndiye anayelengwa na maneno ya muuzaji.

Kwenye kapsuli kazi ni kusoma kopo. Lebo nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo shika maneno mawili. "Fruiting body" ni uyoga wenyewe, kofia na shina lake. "Mycelium" ni nyuzinyuzi zinazotambaa ndani ya chakula cha uyoga kabla haujachomoza. Nyuzi hizo viwanda vingi huziotesha juu ya mchele au shayiri, kisha husaga vyote kwa pamoja, nafaka ikiwa humo humo, na mnunuzi anapelekewa wanga kwa bei ya dawa. Tafuta pia kiasi cha beta-glukani, ambayo ndiyo sehemu ya uyoga iliyochunguzwa zaidi kuhusu kinga ya mwili. Kopo linalotaja polisakaridi (sukari zilizoungana kuwa minyororo mirefu) peke yake, hata zikiandikwa asilimia 40, halijasema kitu: wanga wa nafaka nao ni polisakaridi.

Wanga unaweza kuubaini mwenyewe jikoni. Nunua duka la dawa chupa ndogo ya iodini ya kusafishia vidonda. Fungua kapsuli mbili, tupa maganda, mwaga unga kwenye kisufuria pamoja na vijiko vitatu vya chakula vya maji, chemsha dakika mbili, mimina kwenye kikombe cheupe, na uache ipoe kabisa. Kikombe cha pili kiwe na unga wa muhogo kidogo uliopikwa hivyo hivyo. Dondosha matone matano kila kikombe. Wa muhogo utageuka papo hapo kuwa bluu nzito inayokaribia weusi, kama wino uliomwagika. Unga wa uyoga wenyewe unabaki na rangi ya iodini, kahawia inayoelekea manjano. Kapsuli ikifanana na muhogo, umenunua nafaka.

Wanaokosea kipimo hiki hukosea kwa njia chache. Ukidondosha iodini kwenye maji ya moto, ile bluu haitokei au inapotea, kwa kuwa joto huachanisha iodini na wanga. Reishi iliyokolea ina rangi nzito inayoficha mabadiliko, hivyo ongeza maji mpaka uione sakafu ya kikombe. Kapsuli iliyoongezwa vitamini C huifanya iodini ipoteze rangi kabisa, na hapo kipimo hakikwambii chochote. Tena hakikamati kila kijalizo: maltodekstrini, inayotumika sana kujaza unga uliokamuliwa, mara nyingi haitoi bluu. Kopo likifaulu, limefaulu upande wa nafaka tu.

Halafu piga hesabu ya dozi, ambayo wauzaji huipita haraka. Kopo la kapsuli 60 za miligramu 500 lina gramu 30. Maelezo husema meza mbili kwa siku, kopo linakaa mwezi, na hiyo ni gramu 1 tu. Utafiti wa Japani wa mwaka 2009 unaotajwa sana kuhusu uyoga wa Hericium, ule mweupe wenye manyoya marefu kama ndevu, ulihusisha watu 30 wa miaka 50 hadi 80 wenye usahaulifu mdogo. Nusu yao walimeza gramu 3 kwa siku kwa wiki 16, alama zao za kumbukumbu zikapanda, na wiki 4 baada ya kuacha zikaanza kushuka. Kuifikia dozi hiyo unahitaji kapsuli sita kila siku, na kopo linakwisha siku ya kumi. Tuseme kopo ni shilingi 50,000: mwezi mmoja ni 150,000. Muulize muuzaji kuhusu hesabu hiyo kwa upole, utaona kama anaijua bidhaa yake.

Kwa nguvu za mwili, uyoga unaopigiwa debe ni Cordyceps. Ule wa porini wa milima ya Tibet ni ghali kupindukia, hivyo kilichomo kwenye kopo la bei ya kawaida ni cha kuoteshwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 ulihusisha wazee 20 wenye afya, nusu yao wakipewa gramu 1 kwa siku kwa wiki 12. Waliopewa waliweza kufanya mazoezi zaidi kidogo kabla ya misuli kuanza kuchoka, lakini uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni haukubadilika. Faida ipo, ila ni ndogo, na waliopimwa walikuwa wachache. Kuhusu reishi, mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi kwamba inashusha presha, sukari au mafuta ya damu kwa wenye kisukari. Wakala anayeahidi mambo hayo matatu kwa mpigo anasema asilolijua.

Kwa nini basi tunasifu vipande vikavu? Kwa sababu unaona unachonunua. Kipande kizuri ni kigumu kama ubao, juu kina mng'ao wa kahawia nyekundu kana kwamba kimepakwa vanishi, na chini kina matundu madogo sana badala ya mapezi. Farmakopea ya China (kitabu chake rasmi cha dawa) inataja gramu 6 hadi 12 kwa siku. Anza na 3, kiasi cha vipande viwili au vitatu vyembamba. Usivisage kwenye blenda, utaharibu visu. Viloweke saa moja kwenye lita moja ya maji, kisha viache vichemke taratibu saa moja na nusu mpaka maji yabaki nusu. Muda huo una sababu: kuta za seli za uyoga zina kitini, ambayo tumbo letu haliimudu vizuri, na beta-glukani hutoka kwa maji ya moto. Ukivimwagia maji kama majani ya chai umeonja rangi tu. Anayetumia mkaa avibandike ugali ukishaiva na moto umeanza kulegea. Vipande vile vile huchemshwa mara ya pili. Maji yake yakae kwenye friji siku mbili, yasizidi. Ni machungu kweli. Tangawizi inasaidia, sukari nyingi inaharibu shabaha.

Wapo wasiopaswa kugusa vitu hivi kabla ya kuongea na daktari. Anayemeza warfarini au aspirini, kwa sababu reishi inaweza kuongeza kutokwa na damu. Kwa sababu hiyo hiyo iachwe wiki mbili kabla ya upasuaji. Anayetumia dawa za sukari, sukari yake isije ikashuka ghafla. Aliye kwenye dozi ya TB, kwa kuwa dawa hizo zina uzito wake kwenye ini na yapo matukio ya ini kuumizwa na unga wa reishi. Anayetumia ARV aulize kwanza CTC, kliniki yake ya matibabu ya VVU. Mwenye matatizo ya figo aepuke chaga, uyoga mweusi wa miti ya nchi za baridi, maana una oksaleti nyingi, chumvi inayoweza kuumiza figo. Na aliyechoka wiki tatu mfululizo aanzie zahanati: apimwe malaria, wingi wa damu, sukari, na kichocho kama anaoga au analima kwenye maji yaliyotuama. Upungufu wa damu hautibiwi na kapsuli ya Cordyceps.

Mambo mawili ya hapa kwetu Kusini yanayosahaulika. La kwanza, maganda ya kapsuli. Mengi ni jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe, hivyo Muislamu atafute alama ya halali au maganda ya mimea, na aulize pia kuhusu uyoga wa matone, kwa kuwa mwingi hukamuliwa kwa pombe. La pili ni unyevu wa pwani. Huku Shangani au kule Mikindani, kopo likiachwa wazi kapsuli za jelatini hulainika na kugandana, na unga huwa mabonge. Nunua kopo lenye kizibo kisichoguswa na kifuko cha kunyonya unyevu, uliweke kabatini mbali na jiko, utumie kijiko kikavu. Unga uliogandamana lakini una harufu yake ya kawaida bado unafaa; ukinuka ukungu, utupe wote, usichambue.