Skripti ya kuwashia ndani ya Docker: uzoefu wangu wa msimu mmoja wa korosho

Simu iliingia saa moja na nusu asubuhi. "Kaka, mashine yako imegoma tena," akasema karani wa mzani, na nyuma yake nasikia wakulima wanagombea foleni. Usiku umeme ulikatika hapa Mtwara, ukarudi alfajiri. Kompyuta ya ghalani iliwaka yenyewe, Docker (programu inayoendesha programu nyingine, kila moja ndani ya kisanduku chake kiitwacho kontena) ikawaka, lakini programu yangu ya kupokelea korosho ikawa inaonyesha kosa tupu. (UPS ipo. Betri yake inadumu muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.)

Kosa lilikuwa langu, nilisoma maelezo nusunusu. Kwenye faili la Compose, chombo cha Docker cha kuwasha kontena kadhaa kwa pamoja, niliandika `depends_on` yenye `condition: service_healthy`, programu isianze mpaka Postgres, yaani databesi, iwe tayari. Ukiwasha kwa mkono kwa `docker compose up`, inasubiri kweli. Ila umeme ukirudi, Compose haihusiki. Docker yenyewe ndiyo inayofufua kontena kwa kufuata `restart: always`, na haijui nani amsubiri nani. Zote zinaamka kwa mkupuo. Programu yangu ingekufa kabisa ingekuwa nafuu, ingefufuliwa tena. Yenyewe ikabaki wima, haina databesi.

Basi kusubiri nikakuhamishia ndani ya imeji (kifurushi kinachozaa kontena), kwenye skripti fupi niliyoiita `anza.sh`:

```
#!/bin/sh
until pg_isready -h db -q; do
  sleep 2
done
exec "$@"
```

Kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujenga imeji, nikainakili, nikaipa ruhusa kwa `chmod +x`, nikaweka `ENTRYPOINT ["/anza.sh"]`, ili skripti itangulie, na amri ya programu ikabaki kwenye `CMD`. Hiyo `pg_isready`, inayouliza kama Postgres iko tayari, inakuja na `postgresql-client`, kwa hiyo nayo niliiongeza.

Nikajenga, nikawasha. Jibu: `exec /anza.sh: no such file or directory`.

Nilikaa na mstari huo tangu magharibi mpaka saa sita usiku. Naingia ndani ya imeji, napiga `ls`, faili lile pale linanitazama! Kumbe skripti niliiandika kwenye laptopu ya Windows, na kila mwisho wa mstari kulikuwa na herufi isiyoonekana, `\r`. Linux ilisoma mstari wa kwanza ikaenda kutafuta `/bin/sh` yenye mkia huo, ikaikosa. Kilichokosekana si faili langu, ni kile cha kulisomea. Utapata ujumbe uleule ukiandika `#!/bin/bash` juu ya Alpine (Linux ndogo inayotumika sana kwenye imeji), maana Alpine haiji na bash. Dawa yangu ilikuwa `sed -i 's/\r$//' anza.sh`, kisha nikaweka `*.sh text eol=lf` kwenye `.gitattributes`, faili la mipangilio ya Git, ili yasijirudie.

Neno `exec` la mwisho usilidharau. Mwanzoni sikuliweka, na kila nikizima kontena ilichukua sekunde 10 kamili, kisha inaishia na namba 137. `exec` inaipa programu nafasi ya sh; bila hiyo, sh ndiyo inashika nafasi ya mchakato namba 1, Docker inaiomba ifunge, yenyewe haimfikishii programu ujumbe, na muda ukiisha kontena inauawa kwa nguvu. Ukiwa katikati ya kuandika kilo za mtu, hilo si jambo la kuchezea.

Njia hii ya skripti naipa nyota nne. Ya tano naishikilia kwa sababu mtu anayeanza hawezi kuyaotea haya, lazima yamkute.

Baadaye niliona kitanzi changu hakina kikomo: databesi ikiharibika kweli, kitasubiri mpaka kiama. Nimeweka majaribio 60, kama dakika mbili hivi, yakiisha skripti inatoka na kosa na Docker inaianzisha upya, angalau sababu inaonekana kwenye `docker logs`. Karani bado anapiga simu asubuhi, lakini ni ya kuulizia wino wa printa.