Tahadhari: muuzaji wa mpingo wa pale Mnazi Mmoja anauza mbao zilizopakwa rangi

Ndugu zangu mnaochonga fimbo za biliadi na mnaozichezea, ninaandika haya nikiwa na hasira, na aibu niliyo nayo inaizidi hasira yenyewe, kwa sababu wawili kati yenu mlikwenda kwa mtu yule kwa neno langu. Mwezi uliopita nilisimama mbele yenu nimeshika ile fimbo ya kwanza, nikasema kwamba hatimaye tumepata mtu mwaminifu wa kutuuzia mpingo mkavu. Neno hilo ninalifuta leo mbele ya wale wale walionisikia. Mtu yule ni tapeli, na weusi wa mbao zake ni rangi.

Jumamosi ile nilishuka kwenye basi kabla ya saa nne asubuhi pale njia panda ya Mnazi Mmoja, barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Lindi. Alikuja kunipokea yeye mwenyewe, akanipokea mkoba, akaniuliza habari za safari na za nyumbani bila haraka, na alipojua kwamba asili yangu ni Newala akaanza kuniita mjomba. Sisi tuliolelewa Umakondeni tunajua uzito wa neno hilo. Mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na mtu mzima halitamki kwa mgeni bila kumaanisha heshima. Tulitembea hadi kwake tukizungumza Kimakonde, na kabla sijauona mpingo wenyewe nilikuwa nimekwisha kuona kwamba niko kwa ndugu.

Barazani palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka vipande sita vimepangwa kwa mstari, kila kimoja urefu wa sentimita 45 na unene wa sentimita 4 kwa 4, kama nilivyoagiza kwa simu. Ncha zote zilikuwa zimepakwa nta. Nta ile ndiyo iliyonimaliza. Anayeujua mpingo anajua kwamba maji hutoka ndani yake polepole mno, na yakitoka kwa haraka kupitia kwenye ncha, mti hupasuka nyufa ndefu zisizozibika. Kwa hiyo mwenye kujali huziba ncha kwa nta, akaweka vipande kivulini, akasubiri miaka. Wauzaji wa kawaida hawafanyi hivyo. Nilipoiona nta nilijisemea kwamba huyu ni mtu wa kazi. Sikufikiria hata kidogo kwamba nta inayozuia ufa inazuia pia macho yasione rangi ya mti kwa ndani.

Akaniambia nichague kipande chochote. Nilichagua cha tatu kutoka kushoto. Akachukua kisu, akakwangua ubavuni, na maranda yaliyotoka yalikuwa meusi yenye wekundu wa zambarau, vile vile yanavyotakiwa kuwa. Akaleta ndoo ya maji, akakitumbukiza, kikazama hadi chini kama jiwe, kwa maana mpingo ni mzito kuliko maji. Nikachagua kingine, kikazama pia. Nilivipima kwa mkono vyote sita, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa na ule uzito unaouvuta mkono chini. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kuna mmoja wenu aliyeniuliza kama nililala usingizi. Sikulala. Vipande nilivyovishika pale barazani vilikuwa mpingo wa kweli, vyote sita.

Akatoa na karatasi yenye mhuri, iliyokunjwa mara nne, akasema ndiyo kibali cha kuvunia na kusafirishia, nisiwe na hofu njiani. Niliuona mhuri, nikaridhika. Kisha akasema jua la siku ile lilikuwa kali na buti la basi lina joto, kwa hiyo ataviongeza nta na kuvifunga vizuri ndani kabla sijaondoka. Niliona ni ukarimu. Akaingia navyo ndani, na mimi nikaletewa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha, nikakaa pale barazani nikila kwa shukrani huku mtu huyo akibadilisha mali yangu nyuma ya pazia. Ilipita robo saa hivi. Alipotoka, mzigo ulikuwa umeviringishwa kwa gunia na kushonwa kwa kamba ya katani, na juu yake akaweka gogo fupi na nene la mpingo mbichi, akasema, “Mjomba, hili ni nyongeza, utachongea mpini wa patasi.” Gogo lile lilikuwa zito kiasi kwamba sikuweza kuhisi mzigo wenyewe una uzito gani. Kijana wake aliubeba hadi kwenye buti la basi, nami nilibaki kuaga.

Nililipa shilingi 240,000, yaani 40,000 kwa kipande. Mnafahamu kwamba 150,000 kati ya hizo zilikuwa za watatu wenu mliotanguliza, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Vipande viwili vya juu kwenye mzigo vilikuwa mpingo. Ninaamini aliviacha makusudi, kwa kujua kwamba fundi huanza na vya juu, na kwamba fundi aliyeridhika humtangaza muuzaji. Nilivipasua, nikapata vibamba vya kutosha fimbo moja, na nikaiunga kwa ule ubao wa ashi, mti mweupe wa ng'ambo, ambao shemeji alinitafutia Dar es Salaam kwa shida mnayoijua. Nilichonga mwisho wa ashi kuwa pande nne zinazopungua kwa mshazari, nikagundisha vibamba viwili vya mpingo pande zinazotazamana, nikasubiri, nikapiga randa, nikagundisha viwili vingine, kisha nikaizungusha kwa randa na msasa hadi zikajitokeza zile ncha nne nyeusi zinazopanda kwenye mti mweupe. Zilikuwa sawa kwa urefu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. Fimbo ilifika gramu 510, na mizani yake ilikaa pale pale nilipotaka, kwa sababu uzito wa mpingo mkononi ndio unaofanya mbele kuwe kwepesi. Ndiyo ile mliyoicheza, na ndiyo iliyonifanya nimsifu mtu yule kwa sauti.

Kipande cha tatu nilikibana kwenye jiriwa siku ya Jumapili jioni. Msumeno ulipoanza kwenda niliona kitu ambacho mkono ulikitambua kabla ya macho: ulikuwa unakwenda kwa wepesi. Mpingo unaumiza meno ya msumeno, unayafanya butu, na kila sentimita unailipia jasho. Huu ulipita kama ninapasua mwembe. Nikatazama chini. Unga uliokuwa sakafuni ulikuwa rangi ya maji ya kunde. Nilisimamisha msumeno nikabaki nimeushika, nikijiambia labda nimeangukia ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, kwa maana hata mpingo wa kweli una ganda la mti mweupe linalozunguka kiini. Nikaendelea hadi mwisho, vipande viwili vikaachana. Weusi ulikuwa haufiki hata milimita mbili kutoka juu. Ndani yote, kutoka ubavu hadi ubavu, ulikuwa ni mti mwepesi, wa kahawia iliyopauka, usio na kiini chochote cheusi. Nililowesha kitambaa kwa spiriti nikasugua upande wa nje, kitambaa kikawa cheusi na harufu ya dawa ya viatu ikajaa chumbani. Mke wangu aliingia akauliza nani anapiga viatu rangi usiku ule, na sikuweza kumjibu.

Nikavipima vile vingine kwenye mzani wa jikoni, ule ule ninaopimia fimbo zilizokamilika. Kipande cha mpingo cha ukubwa ule kinatakiwa kikaribie gramu 860. Hivi havikufika 500. Mzani huo ungeingia kwenye mkoba wangu bila taabu siku ile, na ningeukumbuka, haya yasingetokea.

Balaa halikuishia hapo. Siku chache baadaye ile fimbo ya kwanza ilianza kufunguka. Ncha moja ilinyanyuka kwenye gundi kwa upana wa ukucha, kisha ya pili, na ufa ukaingia kwenye ashi yenyewe. Hata mpingo wake wa kweli ulikuwa mbichi, ukaendelea kukauka na kusinyaa ukiwa umekwisha gundishwa. Ashi haioti kwetu, na ubao ule hauna mbadala. Nimeivunja kazi ya wiki tatu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilimpigia simu. Mara ya kwanza aliniita mjomba na kuniambia nimekosea kupasua. Mara ya pili akapokea mtu mwingine aliyedai hamfahamu. Baada ya hapo simu haikupatikana tena.

Sasa niseme dalili, ingawa ninaona aibu kwamba nazitaja leo badala ya kuziona siku ile. Jina lililotokea kwenye simu nilipotuma pesa halikuwa jina alilonitajia. Alisema ni laini ya mke wake, nami nikakubali. Ile karatasi, nilipoikunjua nyumbani na kuisoma, ilikuwa inahusu mbao za mninga na tarehe yake ilikwisha kupita. Nta ilipakwa ncha pekee pale barazani, lakini vilivyofika kwangu vilikuwa na nta pande zote. Na jambo moja zaidi: nilipomwomba anifungie vile vile viwili tulivyovizamisha kwenye maji vikiwa mbele yangu, aliguna kidogo kabla ya kukubali. Niliusikia mguno ule. Msikubali mzigo ufungwe ndani ya nyumba wakati ninyi mko nje. Pasueni kipande kimoja pale pale, hata kama kitaharibika.

Mtu huyu anastahili kufungwa, na sitakubali apatanishwe nami kwa kurudisha nusu ya pesa. Mpingo huu ndio unaosafiri hadi Ulaya kuwa klarineti, ndio mti uliowalisha wachongaji wa Kimakonde kwa vizazi, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya uangalizi wa CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kuna vijiji vya Kilwa vinavyolinda misitu yao, vinavuna kwa mpango na kuuza kwa halali, na kila tapeli wa namna hii anawachafulia jina. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inataka mti kama huu uvunwe kwa leseni. Yeye anatembeza karatasi ya mninga iliyokwisha muda wake, na mimi nilisafiri nayo bila kujua, hatia ambayo nimeieleza kwa mdomo wangu mwenyewe ofisi ya misitu. Natamani asimamishwe barazani kwake, mbele ya watu aliowaita wajomba, vile vipande vipasuliwe kimoja baada ya kingine na kila mtu aone unga wake. Natamani alipe ule ubao wa ashi, alipe nauli, alipe na heshima yangu kwenu, ingawa hilo la mwisho sijui litalipwaje.

Nimefungua jalada polisi na nimekabidhi vipande vitatu vya bandia pamoja na karatasi yenyewe. Cha nne, kile kilichopasuliwa, kiko kwangu, na anayetaka kukiona aje jioni yoyote baada ya kazi. Watatu mliotanguliza fedha mtapata 50,000 kila mmoja mwisho wa mwezi huu, kutoka mfukoni mwangu, bila kusubiri kesi. Ninyi wawili mliokwenda kwa neno langu, msivipasue vipande vyenu zaidi. Vileteni kama vilivyo, na gunia lake, ili viingizwe kwenye jalada hilo hilo. Nauli ya kwenda kutoa maelezo nitailipa mimi.