Nimetumia Pixelfed mwaka na kitu: uzoefu wangu

Niko Tanga, nauza vipuri vya pikipiki, na asubuhi kabla sijafungua duka napiga picha kwa simu. Si kazi, ni ugonjwa tu. Pixelfed, mtandao wa kijamii wa kuweka picha kama Instagram, niliipakua Januari 2025, programu yake rasmi ya simu ilipotoka, na kusema kweli kilichonivuta ni umbea. Watu walikuwa wanalalamika kwamba wakiweka linki ya Pixelfed kule Facebook, inafutwa kama taka. Meta, wenye Facebook, wakasema ni makosa. Makosa au si makosa, lile lilikuwa tangazo la bure, maana mimi nisingeijua.

Anayeitengeneza ni Daniel Supernault, jamaa wa Kanada aliyeianza mwaka 2018. Kampuni kubwa nyuma yake hakuna. Anaandika programu mwenyewe na kuinadi mwenyewe, na mwaka 2025 huohuo aliwachangisha watu mtandaoni ili aendelee na Pixelfed pamoja na Loops, ndugu yake ya video fupi.

Ukiifungua unaona picha za watu uliowafuata, iliyowekwa mwisho ndiyo inayotangulia. Basi. Hakuna tangazo la mikopo, hakuna mtu usiyemjua anakuchezea ngoma. Siku ya kwanza nilishusha kidole mara tatu picha zikaisha, nikadhani imegoma. Nikaizima, nikaiwasha. Kumbe ndivyo ilivyo: nilikuwa nimefuata watu wanne.

Sasa sikia hili. Niliweka picha ya mvuvi wa Raskazoni anashona wavu, ndoo ya samaki iko miguuni pake. Kesho yake mzee mmoja wa Ujerumani akauliza wale ni samaki gani. Nikamjibu ni vibua, nikamweleza tunavyowakaanga. Nilipomfuatilia nikagundua hana hata akaunti ya Pixelfed! Yeye yuko Mastodon, mtandao mwingine wa kijamii, wa kuandika jumbe fupi. Mitandao hii miwili inaongea lugha moja, ActivityPub, kwa hiyo mtu wa kule anakufuata na kukuandikia bila kuhama kwake. Ni kama wa Airtel kumpigia wa Vodacom, ila kwenye mitandao ya kijamii hatujazoea. Tuliongea samaki wiki nzima.

Ubaya sasa. Ukijiunga unaambiwa uchague seva, yaani kompyuta itakayotunza akaunti na picha zako; ziko nyingi, kila moja na mwenyewe, na hapo mgeni anachanganyikiwa. Mimi nilichagua ndogo, ya mtu binafsi, kwa kuwa jina lake lilinipendeza. Miezi mitano baadaye nikaamka haifunguki. Nikasubiri siku mbili, wiki, wapi. Picha sitini na kitu. Picha zenyewe ninazo kwenye simu, lakini maelezo niliyoyaandika chini yake na yale mazungumzo ya vibua vimekwenda na maji. Kwa hiyo usifanye kama mimi: kabla hujajiunga angalia nani anaiendesha seva, ina watu wangapi, gharama anazilipaje. Sasa niko pixelfed.social, ile anayoiendesha Supernault mwenyewe, na huku sijapata shida.

Nyota nne. Ya tano nimeibania kwa sababu ya upweke. Niliwashawishi wenzangu saba wajiunge. Watatu wakajiunga, mmoja ndiye bado anaposti, tena paka wake tu. Mwenye biashara anayetafuta wateja wa Ngamiani, hapa Tanga, asijisumbue, hatawakuta humu. Mpenda picha aliyechoka kuhesabu laiki, aje, na akitaka anaweza kuhamishia humu picha zake za zamani za Instagram, kuna sehemu ya kufanya hivyo kama seva yake imeiruhusu.

Shangazi yangu bado ananiuliza mbona siku hizi siposti. Namtumia zilezile WhatsApp, anajibu na vidole gumba.