TAHADHARI: Anayekuuzia filamu ambayo haijatoka hana filamu

Ndugu wapenzi wa filamu, naomba msome ujumbe huu wote kisha muupeleke kwenye makundi mengine mliyomo. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram akidai ana filamu ambazo hazijatoka: matoleo mapya ya filamu za zamani, sehemu za pili na za tatu zinazosubiriwa kwa hamu, hata zile ambazo bado zinapigwa picha. Ameshawaliza watu ninaowafahamu. Pesa zao zimekwenda, na baadhi yao wamenyang'anywa hata akaunti zao za WhatsApp, ambazo sasa anazitumia kuwaliza rafiki zao.

Jina lake halitawasaidia, kwa sababu hulibadilisha pamoja na namba kila anapogundulika. Mtambueni kwa namna anavyofanya kazi.

Haji akitangaza biashara. Anaingia kundini kimya, anachangia kidogo kama mwanakundi yeyote, anacheka na watu. Anachosubiri ni mjadala upambe moto: mwigizaji gani anafaa kurithi nafasi ya fulani, kama filamu ile ya zamani ilistahili kurudiwa, kama trela mpya imepatia au imeharibu. Watu wakishapandwa na hamu ndipo anapoandika sentensi moja: "Mimi nimeshaiona." Maswali yanammiminikia. Anayajibu kwa kujiamini, anataja mwongozaji, waigizaji, mtunzi wa muziki, mambo ambayo yameshaandikwa kwenye kila habari ya burudani. Akiulizwa hadithi inakwendaje, anasema hataki kuwaharibia utamu. Kisha ananyamaza mpaka mtu amfuate faragha. Yeye hamfuati mtu. Anataka baadaye, ukilalamika, ionekane wewe ndiye uliyemwomba.

Huko faragha maneno ni yale yale kwa kila mtu. Ana ndugu yake studio ya uhariri, au rafiki kwenye kampuni ya usambazaji, na nafasi zimebaki chache. Anakutumia kipande cha video cha sekunde chache na picha ya skrini yenye folda iliyojaa majina ya filamu. Unalipa kiingilio. Halafu inakuja ada ya kufungulia faili, kisha ada ya kuhakikiwa kuwa wewe si mpelelezi wa studio. Kila ada mpya ni ndogo kuliko iliyotangulia, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: mtu anaona akiacha sasa atakuwa amepoteza alichokwisha kutoa, basi anaongeza kidogo, na kidogo tena.

Kile kipande cha video ndicho kinachowashawishi watu kuliko kitu kingine, kwa hiyo nikieleze. Si kipande cha filamu. Ama kimekatwa kwenye filamu nyingine za mwigizaji huyo huyo, ama kimetengenezwa kwa akili mnemba. Trela bandia zimekuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 2025 YouTube ilizisimamishia mapato ya matangazo chaneli mbili kubwa, Screen Culture na KH Studio, zilizokuwa zikichanganya vipande halisi vya filamu na picha za akili mnemba. Trela hizo zilitazamwa na watu wengi mno, na wapo walioamini kabisa kwamba zimetoka studio. Ukiona sura ya mwigizaji unayempenda akitembea kwenye mandhari ya filamu unayoisubiri, bado hujaona ushahidi wowote. Mimi hili linaniuma kwa sababu trela ni sehemu ya furaha yetu. Tunaibishania, tunaisimamisha kila sekunde kutafuta siri zilizofichwa, na sasa furaha hiyo hiyo ndiyo chambo.

Sasa swali ambalo kila aliyelizwa angejiuliza mapema: angeipata wapi?

Filamu haiendi kwenye majumba ya sinema kama faili la kawaida ambalo mtu anaweza kulinakili na kuondoka nalo. Studio kubwa za Hollywood ziliunda umoja uitwao DCI mwaka 2002, na mwaka 2005 umoja huo ukatoa masharti ya kiufundi ya sinema ya kidijitali ambayo ndiyo yanayofuatwa hadi leo. Filamu inasafirishwa kwa kifurushi kinachoitwa DCP, ambacho kwa filamu ndefu mara nyingi hupita gigabaiti 100, na picha na sauti zake hufungwa kwa usimbaji, yaani hugeuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo. Kifurushi kikifika ukumbini hakifunguki mpaka uje ufunguo wake, uitwao KDM. Ufunguo huo hutengenezwa kwa ajili ya mtambo mmoja mahususi na kwa muda maalumu. Ukiupeleka kwenye mtambo wa ukumbi wa jirani haufanyi kazi, na muda wake ukipita haufanyi kazi hata kwenye mtambo wake wenyewe. Juu ya hayo, mtambo unapoonyesha filamu huweka ndani ya picha na sauti alama zisizoonekana kwa macho, zinazoweza kueleza filamu ilirekodiwa ukumbi gani na saa ngapi. Kwa hiyo yule "rafiki wa sinema" aliye na kopi kwenye flashi hayupo. Na "ada ya kufungulia faili" ni jina alilolitunga mtu aliyewahi kusikia kwamba ufunguo upo, basi.

Mtu ataniambia filamu huvuja. Ni kweli, huvuja. Mwaka 2009 kopi ya "X-Men Origins: Wolverine" ilivuja kwenye intaneti karibu mwezi mmoja kabla ya kuonyeshwa, ikiwa haijamaliziwa hata picha za kompyuta. Mwaka 2014 wadukuzi walipoivamia Sony Pictures, filamu kadhaa zilitoka nje, "Annie" ikiwemo, wiki chache kabla ya siku yake. Lakini tazameni yaliyofuata. Habari zilitapakaa duniani karibu papo hapo, studio zikatoa kauli, na kwa ile ya Wolverine FBI wakaingia kazini na aliyeipandisha akaishia kuhukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Uvujaji wa kweli hauwezi kuwa siri ya mtu mmoja anayeuza kwa watu kumi na wawili kwenye simu. Kama hakuna chombo chochote cha habari za burudani kilichoandika kwamba filamu fulani imevuja, basi muuzaji wako hana kitu, na angekuwa nacho, angekuwa anakuingiza kwenye kosa la jinai.

Mbinu yake nyingine ni kutumia habari za kuahirishwa. Tarehe za filamu hubadilika sana, sote tunalijua hilo na sote tunalilalamikia. Migomo ya Hollywood ya mwaka 2023 iliisogeza "Dune: Part Two" kutoka Novemba mwaka huo hadi Machi 2024. "Avengers: Doomsday" ilihamishwa kutoka Mei 2026 hadi Desemba 2026. Kila tangazo la namna hiyo likitoka, jamaa anaonekana siku hiyo hiyo: "Filamu ilikuwa tayari, wameificha tu, mimi ninayo." Anajua mashabiki wamekasirika, na mtu aliyekasirika hakagui sana. Lakini tarehe husogezwa kwa sababu nyingi: waigizaji hawaruhusiwi kuitangaza wakati wa mgomo, picha za kompyuta hazijakamilika, au studio haitaki igongane na filamu kubwa nyingine. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayomfanya mtu asiyejulikana awe na kopi.

Sasa nije kwenye kilichonisukuma kuandika, kwa sababu pesa ni nusu tu ya hasara.

Baada ya kulipa, anakwambia atakuingiza kwenye "kundi la wateja" na kwamba utapokea namba ya siri yenye tarakimu sita umtumie. Namba inakuja kweli kwa SMS. Hiyo si namba ya kundi. Ni namba ya kusajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine, na yeye ndiye aliyeiomba kwa kuandika namba yako ya simu. Ukimpa, akaunti inahamia kwake na wewe unatolewa. Ndani ya muda mfupi anawaandikia watu wako, dada yako, mfanyakazi mwenzako, kundi la familia, akiomba mkopo wa haraka au akiwauzia filamu zile zile. Nao wanatuma, kwa sababu wanaona ni wewe. Kuna binti ninayemfahamu ambaye mama yake mzazi alituma pesa akidhani mwanawe amekwama safarini. Yule mama hajawahi hata kusikia jina la filamu iliyoanzisha mkasa wote.

Siku hizi ameongeza mbinu ya pili, ambayo inaenda kinyume na ya kwanza, kwa hiyo inawapata hata walioonywa. Hakuombi namba. Yeye ndiye anayekupa, yenye herufi na tarakimu nane, akisema uiandike kwenye simu yako ili "ukurasa wa kutazamia" ufunguke. Ukiifuata, umeunganisha kompyuta yake na WhatsApp yako. Hutolewi kwenye akaunti, kila kitu kinaonekana cha kawaida, naye anasoma mazungumzo yako kimyakimya mpaka apate la kutumia.

Fungueni mipangilio ya WhatsApp sasa hivi, nendeni kwenye vifaa vilivyounganishwa. Kifaa usichokitambua kiondoe. Kisha washeni uthibitishaji wa hatua mbili na muweke PIN ambayo si mwaka wenu wa kuzaliwa. Hiyo PIN ndiyo itakayomzuia hata akipata ile namba ya SMS.

Kuhusu mafaili anayotuma: filamu ya saa mbili haiwezi kuwa na megabaiti kumi. Jina likiishia na .apk au .exe, hiyo ni programu, si video, hata kama mbele yake pameandikwa jina la filamu na 1080p, alama ya ubora wa picha. Msikubali kuisakinisha, na msikubali kuzima kinga ya simu eti "kichezeo" chake cha video kifanye kazi. Hata mafaili ya manukuu, yale maandishi ya maneno yanayotokea chini ya picha, si salama yakitoka kwa mtu msiyemjua. Mwaka 2017 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa mitandao, walionyesha kwamba faili la manukuu lililotengenezwa kwa nia mbaya liliweza kumpa mdukuzi udhibiti wa kompyuta kupitia vichezeo maarufu, VLC na Kodi vikiwemo. Vichezeo hivyo vilirekebishwa, lakini wanaotumia matoleo ya zamani ni wengi.

Nimeambiwa pia ameanza kuwaahidi watu nafasi za kuigiza kwenye hayo matoleo mapya, kwa ada ya usajili. Hapa nitasema kwa ufupi: mwigizaji hulipwa, halipi. Wapo walioufikisha utapeli wa aina hii mbali sana. Kwa miaka kadhaa watu wa fani ya filamu walisafirishwa hadi Indonesia kwa gharama zao na mtu aliyejifanya wakuu wa kike wa Hollywood, mpaka mshukiwa akakamatwa Manchester mwaka 2020. Walioumia walikuwa wataalamu wenye uzoefu. Na kama kuna "mwigizaji maarufu" anayekuandikia faragha, kumbukeni mwanamke wa Ufaransa aliyepoteza euro 830,000 kwa matapeli waliojifanya Brad Pitt, habari iliyotoka Januari 2025. Watu walimcheka sana mitandaoni. Naomba sisi tusiwacheke wa kwetu, maana anayeogopa kuchekwa hanyanyui mdomo, na tapeli anahama kundi akiwa salama.

Kama ameshakupata, fanya haya leo hii. Piga simu kwa benki au huduma uliyotumia kulipa, uombe muamala uzuiwe au urudishwe. Kadiri unavyochelewa ndivyo uwezekano unavyopungua. Kama uliandika namba za kadi, ifungie kadi. Kama WhatsApp imechukuliwa, isajili upya kwenye simu yako kwa namba mpya ya siri itakayokuja kwa SMS, na yeye atatolewa. Ikiwa ameshaweka PIN yake ya hatua mbili, utalazimika kusubiri siku saba kabla ya kuingia, lakini jisajili hata hivyo, kwa sababu kufanya hivyo tu kunamtoa. Wakati huo huo wapigie watu wako simu kwa sauti, msiandikiane, uwaambie wasitume chochote. Kama ulisakinisha programu yake, kata intaneti, iondoe, na ubadilishe nywila zako kutoka kifaa kingine, ukianza na barua pepe. Hifadhi picha za skrini za mazungumzo na namba alizotumia, uzipeleke polisi. Na akirudi mtu mwingine anayedai anaweza kukurudishia pesa zako kwa malipo kidogo, ni yeye huyo huyo au mwenzake.

Kwa maadmini wa makundi: mkimgundua, msimtoe kwanza. Piga picha ya wasifu wake na namba yake, muitume kwa maadmini wa makundi mengine ya filamu, halafu mumtoe. Kisha rudini nyuma kwenye mjadala mfute ujumbe na linki zake zote kwa kila mtu. Kumtoa peke yake huziacha linki pale pale, na kuna mwanakundi atakayefungua simu usiku, akute mjadala wa filamu anayoisubiri, azibonyeze.