Major ya Copenhagen 2024: usinunue tiketi ya fainali

Ukiwa na pesa ya tiketi ya siku moja tu, usinunue fainali. Nunua robo fainali. Najua maneno haya yananuka sizitaki mbichi hizi, ila fainali niliiona, nikiwa kwenye kiti nilicholipia mwenyewe, na bado nasema hivyo.

Ninazungumzia Major ya Counter-Strike iliyofanyika Copenhagen, Denmark, Machi 2024. Counter-Strike ni mchezo wa kompyuta ambao timu mbili za watu watano watano zinafyatuliana risasi, upande mmoja ukijaribu kutega bomu na mwingine kuzuia. Kwa asiyefuatilia, Major ndiyo kombe linaloheshimiwa kuliko yote katika mchezo huu, na hii ilikuwa ya kwanza kuchezwa kwenye Counter-Strike 2, toleo jipya lililotoka Septemba 2023. Timu 24 ziliingia, zawadi zote pamoja dola 1,250,000, na bingwa peke yake anaondoka na 500,000. Kuanzia robo fainali mechi zilichezwa mbele ya mashabiki ndani ya Royal Arena, Alhamisi tarehe 28 hadi Jumapili tarehe 31. Nilikuwa nimeziangalia Major kwenye kompyuta kwa miaka mingi, kiasi kwamba sauti za watangazaji nazitambua haraka kuliko za baadhi ya ndugu zangu. Safari hii nikachukua tiketi ya siku zote nne.

Kilichonitoa jasho ni viza. Tiketi ya mechi unainunua usiku ukiwa umejilaza kitandani, dakika tano umemaliza. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, Denmark na Uswidi zikiwemo, inataka uanze mapema: maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Inataka bima ya safari inayofika angalau euro 30,000, mahali pa kulala panapojulikana, taarifa za benki, na sababu ya safari inayoeleweka. Ada wakati ule ilikuwa euro 80. Ilipanda kuwa 90 Juni mwaka huohuo. Kwenye sababu niliandika ukweli, nikaambatanisha tiketi na ratiba ya mechi.

Dada wa dirishani alisoma, akainua macho. "Unaenda kushindana?"

"Hapana, naenda kuangalia."

"Kuangalia watu wakicheza kompyuta."

"Ndiyo."

"Na huwezi kuwaangalia ukiwa nyumbani?"

Sikuwa na jibu. Nilicheka tu, naye akagonga muhuri wa kupokea. Lakini swali lile lilipanda ndege pamoja nami, na siku zote nne nilikuwa nalijibu kimoyomoyo.

Kosa langu nilikuwa nimelifanya kabla hata ya kufika dirishani: nilishalipia ndege, tena ile tiketi ya bei rahisi isiyorudishwa pesa. Pasipoti ikarudi zikiwa zimebaki siku tatu. Wiki mbili nzima nililala kwa kuhesabu boriti. Mpangilio wenye akili ni kuanza na tiketi ya mashindano, kisha chumba kinachoweza kufutwa bila gharama, kisha viza, na ndege iwe ya mwisho kulipiwa.

Chumba nacho kina hadithi yake. Jumapili ya fainali iliangukia Pasaka, maana yake mji ulikuwa na wageni wa sikukuu na wageni wa Counter-Strike kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimeshika chumba miezi kadhaa kabla kupitia programu moja ya kupangisha. Wiki tatu kabla ya safari mwenye chumba akaniandikia kwamba bomba limepasuka, samahani sana, pesa yako utarudishiwa. Jioni ileile nikakiona chumba kilekile, picha zilezile, kwa karibu mara mbili ya bei. Bomba lilipona haraka.

Aliyeniokoa ni mimi na ramani. Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Øresund kuna Malmö, mji wa Uswidi, na tangu mwaka 2000 kuna daraja linalopitisha magari na treni. Nikapata chumba karibu na kituo cha Hyllie. Ukipanda treni hapo, inavuka daraja, inapita uwanja wa ndege wa Copenhagen, kisha inasimama Ørestad, na kutoka hapo unatembea kwa miguu hadi ukumbini. Nilikuwa nalala nchi moja na kushangilia nchi nyingine, kwa viza moja. Pasipoti lakini haikutoka mfukoni, kwa sababu wakati wa kurudi polisi wa Uswidi walikuwa wakikagua abiria wanaoingia kutoka Denmark. Na usiku treni zinakuwa chache. Mechi ikirefuka utasimama kwenye baridi ya Machi ukijutia koti uliloliona zito kulibeba. Fedha taslimu sikuigusa kabisa. Kadi ililipa pande zote mbili za daraja.

Sasa ukumbini. Nikiri kwanza kilichonivunja moyo, kwa sababu kipo. Dakika kumi za mwanzo nilijiuliza kama nimeibiwa. Wachezaji wako mbali, wadogo kama njiti za kiberiti, nyuso zimefichwa na skrini zao. Unachoangalia ni skrini kubwa juu ya jukwaa, picha ileile wanayoiona walio nyumbani. Watangazaji unawasikia nusu nusu, kelele zinawameza. Hakuna kurudisha nyuma. Ukiinama kutafuta chupa ya maji raundi imeisha.

Halafu ikatokea raundi moja ambayo hata sikumbuki ilikuwa mechi ipi. Mchezaji mmoja alikuwa amebaki peke yake, anasogea taratibu kwenye bomu la moshi, na skrini ikatuonyesha adui aliyemsubiri upande wa pili. Ukumbi mzima tulijua. Yeye hakujua. Maelfu ya watu wakanyamaza kwa pamoja, nikamsikia wa kiti cha nyuma anavyopumua. Alipopita kwenye ule moshi na kuwahi kufyatua yeye, kishindo kilichofuata nilikisikia kwenye mbavu kabla ya masikio. Ndiyo maana huwa kuna ubishi usioisha kuhusu mashabiki wanaopiga kelele mapema na kumshtua mchezaji: vipokea sauti vinazuia maneno, lakini mtetemo wa meza hauzuiliki. Nyumbani niliwahi kuwa upande wa wanaolaumu mashabiki. Sasa naelewa mdomo unavyofunguka wenyewe.

Na hapa ndipo robo fainali zinaposhinda. Siku hizo mbili, Alhamisi na Ijumaa, timu zote nane zinacheza, na kila timu imekuja na watu wake. Eternal Fire, timu ya Uturuki, walikuwa na Waturuki wao, ambao hawakukaa chini. Upande mwingine mashabiki wa G2, wa MOUZ, wa Vitality, wa Cloud9, kila kundi na wimbo wake, na kila mmoja bado anaamini kombe ni la kwake. Ukitoka kwenda chooni unakutana na matumaini manane tofauti kwenye foleni moja.

Wenyeji walikuwa na jambo lao. Astralis, timu yao iliyowahi kutwaa Major nne, hawakufuzu kuingia Major ya nyumbani. Mapenzi yote yakamwagikia kwa karrigan, nahodha wa FaZe, ambaye ni Mdenmark. FaZe walikutana robo fainali na Spirit, waliokuwa wamewachapa 3-0 kwenye fainali ya mashindano ya Katowice, Poland, mwezi mmoja na ushee kabla, wakiwa na donk, kijana wa miaka 17 aliyekuwa akiwafanya watu wazima waonekane wamechelewa kuamka. Safari hii FaZe wakawatoa. Kelele za kumshangilia karrigan siku ile sijawahi kuzisikia hata kwenye mpira wa miguu.

Ndizo robo fainali hizohizo ambazo watu fulani waliruka jukwaani katikati ya mechi, kwa ugomvi wa kampuni za kamari usiotuhusu sisi wala wachezaji, na kombe likaangushwa likaharibika. Mechi ikasimama. Kilichonigusa ni jinsi ukumbi ulivyozomea, mashabiki wa timu zote mbili kwa sauti moja.

Jirani yangu wa kiti siku hiyo alikuwa mama mmoja mtu mzima, aliyeletwa na mwanawe. Mechi ya kwanza alishona shali. Ya pili akanigusa bega, akaonyesha skrini: mbona hawa wanaingia na bastola tu? Lugha yetu ya pamoja ilikuwa finyu, nikamweleza kwa vidole: pesa zimeisha, raundi hii wanabana matumizi, ijayo watanunua bunduki. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kuendesha nyumba kwa mshahara mdogo. Kufikia usiku alikuwa anajua nani anatega bomu na nani anategua, na shali ilikuwa chini ya kiti.

Nusu fainali FaZe wakawatoa Vitality, NAVI wakawatoa G2. Usiku wa kuamkia fainali saa za Ulaya zikasogezwa mbele, kama wanavyofanya kila mwisho wa Machi: saa nane usiku ikawa saa tisa. Simu ilijirekebisha yenyewe. Saa yangu ya mkononi, niliyoiamini kuliko simu, haikuwa na habari. Nilikunywa chai kwa starehe ya mtu mwenye saa nzima ambayo haipo, kisha nikakimbia hadi kituoni.

Fainali yenyewe niimalize haraka, maana nayo iliisha haraka. Mechi huchezwa kwenye ramani, yaani viwanja vya ndani ya mchezo, na anayeshinda mbili kati ya tatu ndiye mshindi. NAVI walichukua ramani ya Ancient kwa raundi 13-9. FaZe wakajibu Mirage 13-2. NAVI wakafunga kazi Inferno 13-3. Ukiondoa ramani ya kwanza, hapakuwa na shindano. Wenyeji walikuja kumwona karrigan akinyanyua kombe kwao, na katikati ya Inferno nusu ya ukumbi ilikuwa kama watu waliofika msibani wakiwa wamevaa nguo za harusi. NAVI walistahili: lilikuwa Major lao la pili baada ya Stockholm 2021, safari hii bila nyota wao s1mple uwanjani, na mchezaji wao jL akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Lakini kwa siku nzima nilipata mechi moja, na timu sita zilikuwa zimeshaondoka na nyimbo zao.

Ukienda, chagua kiti kinachotazama skrini moja kwa moja hata kama ni cha juu. Vya chini karibu na jukwaa vinapendeza kwenye picha, ila shingo italipa. Beba vizibo vya masikio na betri ya akiba ya simu. Begi kubwa liache chumbani, kumbi nyingi haziyaruhusu. Mechi ya ramani tatu inaweza kula saa tatu, na ziko mbili kwa siku, kwa hiyo kula kabla ya kuingia.

Kwa safari yote natoa nyota nne. Ile moja imebaki na mwenye bomba. Mashindano yajayo nimeshapanga: naingia Alhamisi, naangalia robo fainali zote, na Jumamosi asubuhi niko kwenye ndege. Fainali nitaiangalia nyumbani, kama yule dada wa dirishani alivyotaka.