Spika za dari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiulizia spika za dari Kariakoo, muuzaji atataka kujua unataka wati ngapi. Wati ziache kwanza. Geuza spika uangalie mgongoni. Ukikuta kitransfoma kimefungwa hapo na maandishi ya volti 70 au 100, hiyo ni ya supamaketi na misikiti, ambako waya mmoja mrefu unabeba spika hata 20. Amplifaya ya kawaida ya nyumbani haiiwezi. Mimi nilinunua nne za namna hiyo kwa sababu zilikuwa bei chee na muuzaji aliapa kwamba zote ni zilezile. Zilitoa sauti kama redio iliyofunikwa ndoo. Kwangu hizo zinashika mkia.

Namba moja ni inchi 6.5, omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), yenye wufa ya sauti nzito na twita ya sauti nyembamba katikati yake, na twita hiyo iwe inageuka kwa kidole. Sebule ya kawaida jozi moja inatosha. Usiziweke utosini mwa wakaaji. Zisogeze mbele kidogo ya makochi, nusu mita au zaidi kutoka ukutani, kisha twita uzielekeze mnapokaa.

Ya pili ni inchi 8. Bezi yake inashuka zaidi, ila jipsamu iliyopigwa skrubu za kuhesabu itaanza kukoroma nayo. Mpenda bezi anunue sabufa aiweke sakafuni.

Za Bluetooth nazipa nafasi ya tatu. Moja ina amplifaya ndani, mwenzake anaifuata kwa waya, basi. Jikoni zinapendeza. Tatizo ni kwamba zinahitaji umeme hukohuko juu, na chini ya bati saa nane mchana ni tanuri. Amplifaya ikiungua, unashusha spika nzima.

Bafuni au kwenye korido nyembamba tafuta spika moja yenye twita mbili, inayopokea sauti ya kulia na ya kushoto kwa pamoja. Kwa bafuni hakikisha imeandikwa kwamba inahimili unyevu, na wavu wake usiwe wa chuma cha kushika kutu, hasa ukikaa karibu na bahari.

Waya ndipo watu wengi wanapopigwa. Kwangua ncha kwa kisu: ikitoka nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenyewe. Shaba tupu ya milimita za mraba 1.5 inatosha nyumba nyingi, na ipite kabla fundi hajafunga dari. Kumbuka pia spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba kwenye njia moja ya amplifaya zinakuwa omu 4. Zikiwa nne ni omu 2, na hapo amplifaya nyingi za nyumbani zinajizima au kuungua.

Tundu likatwe kwa karatasi ya kipimo iliyomo ndani ya boksi, maana ni pana kuliko inchi zinazotajwa. Masikio ya plastiki yanayobana ubao yakazwe kwa bisibisi ya mkono. Fundi wangu alitumia drili, mawili yakakatika palepale. Mgongo wa spika uufunike kwa kiboksi chake kama kinauzwa, la sivyo panya watahamia.

Mvua ikipiga bati, zima tu.